Vinasaba si nasaba: "Ukoo wa mume wangu unataka kujua nani ameleta tatizo"

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 29, naishi wilaya ya Muheza. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wengine, sikudhani siku moja nitakuja na la kwangu.

Mwanangu wa tatu, wa kiume, ametimiza miezi minne. Mimba yake haikunisumbua. Nilihudhuria kliniki, nikajifungua salama kwenye kituo cha afya, mtoto akiwa na kilo mbili na nusu. Nesi alipomfuta alimkunjua viganja, akaviangalia mara mbili, akamwita mwenzake, wakanong'ona. Nilipouliza wakasema mtoto mzima, mama pumzika. Nikapumzika, lakini moyo ulibaki pale pale kwenye vile viganja.

Nyumbani nikaona mwenyewe kwamba hakui kama dada zake walivyokua. Ni mlegevu, ukimbeba anakuteleza mikononi kama kanga iliyoloa. Ulimi anautoa. Macho yamepanda kidogo kwa pembeni. Kunyonya nako ni kazi: ananyonya kidogo anachoka, anatoka jasho kichwani mpaka nywele zinalowa, anahema, anapumzika, halafu anaanza tena. Mama mkwe alisema ni mvivu kama wajomba zake. Siku hiyo tulicheka.

Nilipompeleka chanjo ya wiki ya 14, daktari aliyekuwepo alimtazama sana, akaniambia mtoto ana sindromu ya Down. Akanieleza haraka haraka kwamba ni tatizo la vinasaba, akaandika kwenye kadi, akasema tumpeleke hospitali ya mkoa tukipata nafasi. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Sikuuliza kitu.

Balaa lilianza nilipofika nyumbani nikalirudia neno hilo mbele ya mama mkwe. Mimi nilisema vinasaba, yeye akasikia nasaba. Akasema, kumbe ni mambo ya nasaba, basi tuambizane, nasaba ya nani? Kwao hakuna mtoto wa namna hii, kuanzia babu mpaka vitukuu. Wifi yangu mkubwa akakumbusha kwamba kwetu Lushoto nina mjomba ambaye ni bubu, akasema damu yenyewe ndiyo hiyo. Wifi mdogo ana posa, analia kwamba habari zikiwafikia wakwe zake watarudi nyuma. Majirani nao wana yao. Kuna anayesema nilipita makaburini magharibi nikiwa na mimba, kuna anayesema nilimcheka mlemavu, na mwingine anasema ni zile sindano za uzazi wa mpango nilizochoma kabla.

Kilichoniumiza kuliko vyote ni baba watoto. Kaka yake alimwambia kwamba kama ni vinasaba basi kipimo kipo, waende Dar es Salaam kwa Mkemia Mkuu, mtoto apimwe DNA ijulikane ni wa nani. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza, na amenyamaza mpaka leo. Mtoto hambebi.

Sasa kimeitishwa kikao cha ukoo, Jumamosi ya wiki ya pili kutoka leo. Mama mkwe anataka pia tumpeleke mtoto kwa mganga akachanjwe chale.

Shangazi, naomba unijibu bila kunionea huruma. Hili limetoka kwangu au kwa mwenzangu? Binti zangu, mmoja ana miaka saba na mwingine minne, watakuja kuzaa watoto wa hivi? Mimi nikizaa tena itakuwaje? Na huyu mwanangu atakuwa mtu wa namna gani? Wengine wanauita mtindio wa ubongo, wanasema hatatembea. Usiku wakilala wote namwangalia, naye ananitazama, siku hizi ameanza kucheka. Namwomba msamaha, na kosa langu silijui.

Mama wa Muheza

*

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Sidhani kama yupo aliyekupa hongera tangu ulipotoka kwa yule daktari, kwa hiyo pokea ya kwangu.

Umeniuliza mambo mengi na yote nitayajibu. Lakini lililonishtua zaidi hukuliuliza, umelipitia tu katikati ya barua: mtoto akinyonya anachoka, anatoka jasho kichwani, anahema. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka 22, na mstari huo umenifanya niweke barua chini. Huo si uvivu wa wajomba. Kwa mtoto wa miezi minne kunyonya ndiyo kazi yake nzito kuliko zote, kama wewe kupanda mlima na ndoo kichwani. Moyo wenye kasoro hujitangaza hapo hapo.

Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Iliyo maarufu kwao ni tundu la katikati kabisa, pale vyumba vinne vya moyo vinapokutana. Damu inayotakiwa kwenda mwilini hurudi kwenye mapafu, mapafu hujaa, mtoto huhema. Tundu hilo huzibwa kwa upasuaji, na madaktari hupenda kulifanya ndani ya miezi sita ya mwanzo. Likiachwa muda mrefu, mishipa ya mapafu hukakamaa kwa msukumo wa damu, na inafika mahali daktari hawezi tena kuziba hata akitaka. Ndiyo maana ile kauli ya "mkipata nafasi" imeniudhi. Mtoto mwenye sindromu ya Down anatakiwa apimwe moyo katika mwezi wake wa kwanza hata kama hahemi, na wako ana minne.

Sijamwona mwanao na siwezi kusema kwamba moyo wake una tundu. Ninachosema ni kwamba Jumatatu umpeleke hospitali ya mkoa, na ukifika usianze kueleza habari za sindromu, anza na jasho na kuhema. Kipimo chenyewe kinaitwa eko. Ni kama ile picha ya mimba uliyopigwa, ila hii inapigwa kifuani, haina sindano na haiumi. Kama pale hakipo, omba rufaa ya maandishi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, hufanya upasuaji wa moyo kwa watoto, na njia ya kufika huko ni hiyo barua ya rufaa. Ukiona midomo imekuwa ya buluu au ya kijivu, mbavu zinazama akivuta pumzi, au amekataa kunyonya kabisa, usingoje Jumatatu. Ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa tuje kwenye neno lililowasha moto nyumbani kwako.

Mama mkwe wako hakukosea kusikia. Neno vinasaba limeibeba nasaba ndani yake, na sisi watu wa Pwani tukisikia nasaba tunajua ni habari za babu na bibi, nani katoka kwa nani. Daktari angekuwa na dakika tano zaidi angekwambia kwamba kuna matatizo ya vinasaba yanayotembea ndani ya ukoo, na kuna mengine yanayozuka siku ile ile mtoto anapotungwa, ambayo hayakuwepo kwa baba, kwa mama wala kwa babu. Selimundu ni ya aina ya kwanza: baba anabeba, mama anabeba, mtoto anarithi kwa wote wawili. Sindromu ya Down, kwa watoto karibu wote, ni ya aina ya pili. Ipo ndani ya vinasaba vya mtoto bila kurithiwa kutoka kwa yeyote. Kikao chote kilichoitishwa kimesimama juu ya kuchanganya mambo hayo mawili.

Nikueleze kwa kanga, maana umenitajia kanga. Ukinunua doti dukani unapewa vipande viwili vilivyoshikana, unakata katikati, unapinda. Ndani ya kila chembe ya mwili wako kuna doti 23 za namna hiyo, yaani vipande 46, vinaitwa kromosomu. Juu yake yameandikwa maelekezo yote ya kuujenga mwili, na maelekezo hayo ndiyo vinasaba. Katika kila doti, kipande kimoja ulipewa na mama yako na kimoja na baba yako. Yai linapokomaa, mwili hukata doti zote ili yai libebe kipande kimoja kimoja tu, jumla 23. Mbegu ya mwanaume nayo hivyo hivyo, 23. Zikikutana zinarudi kuwa doti kamili.

Mara chache doti moja haikatiki. Yai, au mbegu, huondoka na vipande vyote viwili. Kikija cha upande wa pili, vinakuwa vitatu. Hilo likitokea kwenye doti ya 21, mtoto anakuwa na vipande 47 badala ya 46, na hiyo ndiyo sindromu ya Down. Hakuna kilichooza wala kuharibika hapo, maelekezo ni mazima, ila sehemu moja imezidi. Kromosomu ya 21 ndiyo ndogo kuliko zote, ina vinasaba kati ya 200 na 300 tu. Doti kubwa zikizidi, mimba nyingi hutoka mapema kabla mama hajajua kama ni mjamzito. Huyu wako aliweza kuishi na ziada yake.

Unaniuliza imetoka kwako au kwa mwenzako, nawe umesema usihurumiwe, basi sikuhurumii. Kwa watoto kama tisa kati ya kumi kipande cha ziada huja na yai, na kwa waliobaki huja na mbegu ya baba. Najua mtu akikisoma hiki kwenye kikao atasema, haya, si mmesikia! Kwa hiyo sikiliza sababu yake. Mwanaume hutengeneza mbegu mpya kila siku. Mwanamke mayai yake yote yalianza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa tumboni kwa mama yake. Yalianza kukata doti huko huko, yakasimama katikati ya kazi, yakangoja. Yai lililompa uhai mwanao lilisubiri karibu miaka yako yote 29. Mkasi uliteleza ndani ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Hukuwa na mkono humo, wala makaburi, wala sindano ya uzazi wa mpango, wala chakula, wala kicheko chako. Hakuna mama yeyote duniani anayeweza kulizuia hilo kwa kujitunza, wala anayeweza kulisababisha kwa kutojitunza.

Kinachojulikana kuongeza uwezekano ni umri wa mama, kwa sababu yai limengoja zaidi. Kwa mama wa miaka 30 ni kama mtoto 1 kati ya 1,000, kwa wa miaka 40 ni kama 1 kati ya 100. Lakini watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na akina mama wa chini ya miaka 35, kwa sababu hao ndio wanaozaa zaidi. Wewe ni mmoja wao. Huzaliwa Muheza, Mombasa, Muscat na London, kwa matajiri na kwa wavuvi.

Kumlaumu mzazi hakukuanza na mama mkwe wako. Daktari wa kwanza kuieleza hali hii kwa maandishi, Mwingereza John Langdon Down, mwaka 1866, aliamini chanzo mara nyingi ni kifua kikuu cha wazazi. Alikuwa msomi, aliwatunza watu hawa kwa heshima kuliko wenzake wa zama hizo, na bado alikosea. Miaka kadhaa baada ya kifo chake, mwaka 1905, alizaliwa mjukuu wake mwenyewe mwenye hali ile ile. Jibu halikupatikana mpaka mwaka 1959, pale Paris, Marthe Gautier, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin walipotangaza kwamba watoto hawa wana kromosomu 47. Gautier ndiye aliyeziotesha chembe hizo maabara. Miaka mitatu tu kabla ya hapo wataalamu ndio kwanza walikuwa wamekubaliana kwamba binadamu ana 46. Kwa hiyo mama mkwe wako, aliyezaliwa na kulelewa akisikia habari za mikosi, simshangai na simchukii. Namwomba asikilize tu.

Sasa kuna jambo moja nisilotaka kulificha, maana ningelificha mtu mwingine angekuja kulitumia dhidi yako. Kwa watoto 3 au 4 kati ya 100 wenye sindromu ya Down, kipande cha ziada hakiko peke yake, kimeshonwa kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14. Katika hao wachache, wapo ambao mzazi mmoja anabeba mshono huo kimyakimya, yeye mwenyewe mzima kabisa. Mzazi huyo anaweza kuwa mama na anaweza kuwa baba. Hapo ndipo penye habari ya ukoo, na ni hapo tu. Hujulikana kwa kipimo cha kromosomu: mtoto hutolewa damu kidogo, maabara wanazipanga kromosomu zake na kuzihesabu kwa hadubini. Zikionekana tatu zilizo huru kwenye namba 21, habari ya ukoo imekwisha, mawifi wako waolewe kwa amani na binti zako waje wazae bila hofu ya kaka yao. Ukionekana mshono, wewe na mumeo mnapimwa wote wawili, siku moja. Kipimo hiki hakipo kila hospitali, ikibidi damu hutumwa kwingine, kwa hiyo mwombe daktari bingwa wa watoto akuandikie. Kitathibitisha pia hali yenyewe, maana mpaka sasa daktari amemtambua kwa macho tu. Ule mstari mmoja wa kiganja alioutazama nesi ni dalili, lakini wapo watu wengi wasio na sindromu yoyote wenye mstari kama huo.

Naona sasa kosa la pili la lile neno. Siku hizi hapa kwetu mtu akisikia kipimo cha vinasaba anafikiria kesi ya kutafuta baba. Shemeji yako amesikia hivyo. Kile cha kwa Mkemia Mkuu kinalinganisha mtoto na mzazi. Hiki kinahesabu kromosomu za mtoto mwenyewe, baba hakimtaji wala hakimtafuti. Na kromosomu ya ziada haisemi neno lolote kuhusu mama alilala wapi. Mwanamke aliyetulia kwake miaka kumi hupata mtoto huyu, na mwanamke asiyetulia hupata asiye na hali hii.

Baba watoto, najua mkeo atakusomea hapa. Sina ugomvi na wewe. Wanaume wengi niliowaona wodini walinyamaza hivyo hivyo, wengine kwa hofu, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Lakini kunyamaza kwako pale kaka yako alipoongea kulisikika kama ndiyo. Jumatatu ubebe mtoto wewe, mama abebe kadi. Ukae ndani ya chumba cha daktari, uulize mwenyewe, usiletewe majibu nyumbani. Akinyonya muangalie lile jasho. Usiende kikao chochote kabla hujaliona.

Mganga hapana, mwanangu. Siku nyingine ningezunguka, leo sizunguki. Wembe kwenye ngozi ya mtoto ambaye huenda moyo wake una tundu unaweza kuingiza vijidudu kwenye damu, vikafika kwenye moyo na kumuua. Dawa za kunywesha nazo hazina kipimo kwa ini la miezi minne. Anayetaka kumwombea dua amwombee, dua haina wembe.

Kuhusu jina: huu si mtindio wa ubongo. Mtindio ni ubongo ulioumia, mara nyingi wakati wa mimba au uzazi, na unagusa zaidi misuli na mwendo. Sindromu ya Down ni kromosomu. Usonji ni kitu kingine tena. Nakusisitizia kwa sababu ukiandikishwa kwa jina lisilo lake utapewa huduma isiyo yake, na hutakumbushwa mambo ambayo mtoto huyu anayahitaji. Masikio yapimwe, maana maji hujikusanya ndani na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mzito kuliko alivyo. Macho pia. Damu ipimwe tezi ya shingo, apimwe sasa, afikapo mwaka, na kila mwaka baada ya hapo. Tezi ikilala humlegeza na kumchelewesha, na dawa yake ni kidonge tu. Chanjo asikose hata moja, kifua chake hushikwa haraka.

Kutembea atatembea. Wengi hutembea karibu na miaka miwili, wengine huchelewa zaidi. Ule ulegevu ni wa misuli na viungo, na hujibu kwa mazoezi. Omba uonane na mtaalamu wa fiziotherapia mapema, usingoje akue. Nyumbani, mlaze kifudifudi kwenye mkeka mara kadhaa kwa siku akiwa macho, wewe ukiwa mbele yake, ajifunze kuinua kichwa kukutafuta. Dada zake watakusaidia sana hapo, watoto wana uvumilivu wa mchezo kuliko sisi. Ukimnyonyesha mwinue kidogo, mshike kidevu kwa kidole, mpe kidogo kidogo mara nyingi. Akichoka kabla hajashiba kamua maziwa umnyweshe kwa kikombe kidogo na kijiko. Usimnyanyue kwa kuvuta mikono, wala usimtikise shingo.

Umeuliza atakuwa mtu wa namna gani. Atajifunza, ila polepole, na ataelewa mengi kabla ya kuweza kuyasema. Ongea naye, mwonyeshe ishara za mkono pamoja na neno. Kiasi gani atafika hakuna anayeweza kukwambia akiwa na miezi minne, na atakayekwambia usimwamini, awe amesema makubwa au madogo. Jirani yangu ana binti wa miaka 26 mwenye hali hii. Anasonga ugali, anafua, anakaa dukani kwa mama yake. Chenji inamchukua muda, na mteja mwenye haraka anaambiwa asubiri. Hukasirika, hununa, hupenda harusi kupita kiasi, na amegoma kuvaa nguo za kijani tangu mwaka juzi. Watu humwita malaika na mama yake hukataa. Nami nakuomba ukatae mapema. Anayemwita mwanao mkosi na anayemwita malaika wote wawili hawajamwona yeye.

Shule ana haki nayo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa, na zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya mtoto akiwa bado mdogo, ujulikane, ujue wazazi wengine wa Muheza na Tanga wenye watoto kama wako. Wapo, na wengi wamekaa ndani kama wewe. Zamani watoto hawa hawakuwa na umri mrefu. Marekani mwaka 1983 wastani ulikuwa miaka 25, leo ni karibu 60, na kilichobadilika zaidi ni kwamba mioyo yao ilianza kutibiwa na wao wakaanza kulelewa nyumbani badala ya kufungiwa.

Kuzaa tena unaweza. Kama kipimo kitaonyesha kipande huru, uwezekano wa kujirudia kwa mama wa umri wako ni kama 1 kati ya 100, yaani mara 99 haijirudii. Kama ni mshono, hesabu ni nyingine, na daktari atawapa yenu kabla hamjaamua. Ngojeni majibu kwanza, na mpe huyu nafasi ya kupata nguvu.

Kikao wala usikikimbie. Mwombe mumeo, au kama bado ulimi wake mzito, mwombe mzee mmoja unayemwamini, akiahirishe mpaka eko ifanyike. Hakuna mzee atakayesema mtoto asipimwe moyo. Mkikaa, useme hivi, kwa adabu na bila kulia: "Mama, daktari hakusema nasaba. Alisema vinasaba, yaani mtoto amezaliwa na kromosomu moja ya ziada, na kwa watoto karibu wote wa namna hii huongezeka siku wanapotungwa, haitoki kwenye ukoo wowote. Kipimo kitatuthibitishia na nitawaletea karatasi. Nilichokuja kuomba leo ni nauli ya Dar es Salaam." Kisha mpe bibi yake mtoto ampakate. Mjomba wako wa Lushoto asitajwe tena, hayumo humu. Kutosema kwake kuna sababu zake, nazo si kromosomu ya 21.

Na ile saa ya usiku unayomwomba msamaha, iache. Amekutazama, akacheka: kwa mtoto wa miezi minne mwenye misuli ile, hiyo ni kazi kubwa aliyoifanya. Mchekee naye.

Jumatatu mtoke mapema, foleni ya eko huwa ndefu. Chukua kadi ya kliniki, kanga mbili za akiba na maziwa uliyokamua. Ukirudi niandikie daktari amesema nini kuhusu moyo, hata kama ni mstari mmoja.

Shangazi yako